Silaha ya mawimbi haitaizima Bukavu

Mwezi Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba askari wake wamejaribu mtambo wa mawimbi ya redio unaoangusha droni bila risasi wala kombora. Miezi minne baadaye kampuni ya Kimarekani, Epirus, ikaonyesha mtambo wake uitwao Leonidas ukidondosha droni 49 kwa mpigo mmoja. Video za majaribio ya aina hiyo zimefika hadi kwenye simu za watu wa Kadutu na Bagira, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ila zimefika zikiwa zimewekewa sauti mpya: eti sasa ipo silaha ya kuzima mji mzima, ya kuchoma kila simu, kila redio na kila kompyuta ya hospitali, na siku mtandao utakapokatika ghafla hapa Bukavu tujue ndiyo hiyo imepiga. Uvumi huo umepata pa kuegemea, kwa sababu ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa za mwaka 2024 zilieleza kweli kuhusu kuvurugwa kwa GPS katika anga ya Kivu Kaskazini. Mtu akisikia habari hizi mbili kwa pamoja, huku juu kuna droni zinazopita usiku, si ajabu akaogopa.

Mimi naona tumechanganya mambo. Silaha za mawimbi zipo na zinafanya kazi, lakini uwanja wake ni mwembamba kuliko tunavyohadithiwa. Zile zinazoweza kuunguza vifaa zinafika karibu tu. Zile zinazofika mbali kwa urahisi haziunguzi kitu, zinaziba tu mawimbi mengine yasisikike. Na ile moja inayoweza kufika mbali na kuunguza inahitaji bomu la nyuklia lilipuliwe juu kabisa, nje ya hewa ya dunia, jambo ambalo hakuna kundi la wapiganaji wa msituni linaloweza kulifanya na hakuna dola litakalolifanya kwa ajili ya Kivu. Mji kama wetu unazimwa kwa njia rahisi zaidi, na njia hizo tumeshaziona kwa macho.

Tuanze na GPS, maana ndiyo iliyoleta mkanganyiko mkubwa. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake yanapoifikia simu mkononi yamechoka kabisa: nguvu yake ni sehemu ya wati yenye sifuri 15 baada ya nukta kabla hujaiona tarakimu 1. Kifaa kinayasikia kwa ustadi wa hesabu tu, kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono kanisani. Ukiwasha karibu naye kipaza sauti cha wati chache, hatausikia tena, na hakuna sikio lililopasuka. Hivyo ndivyo kuziba GPS kunavyofanyika. Mtambo mdogo uliowekwa mlimani unaweza kuisumbua ndege iliyo makumi ya kilomita mbali, ilimradi hakuna kilima kati yao. Wengine huenda mbali zaidi, wakatuma mawimbi ya uongo yanayomwambia rubani kwamba yuko mahali ambapo hayupo. Kwa helikopta ya misaada inayotafuta uwanja katika ukungu wa Masisi, hilo ni jambo la kufa na kupona, na silidharau hata kidogo. Lakini mtambo ukizimwa, au ndege ikitoka kwenye eneo lile, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Mtu anayesema “waliweza kuziba GPS, basi wanaweza kuchoma simu zetu” anaruka pengo la mara mabilioni kwa mabilioni ya nguvu.

Ukubwa wa pengo hilo mtu anaweza kuupiga hesabu mwenyewe. Tuchukue mtambo mkali kweli, wenye kutoa wati bilioni 1. Hiyo ni zaidi ya mara 13 ya umeme wote ambao mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II yangeutoa kwa pamoja yakifanya kazi kikamilifu, maana uwezo wake ni megawati 29.8 na 43.8. Inatisha kusikia. Ila mtambo wa namna hiyo hutoa nguvu hiyo kwa muda mfupi mno, tuseme sehemu ya milioni kumi ya sekunde, na ukizidisha nguvu kwa muda unapata jouli 100 tu, chini ya kile ambacho balbu ya wati 60 inatumia kwa sekunde mbili. Tuipe antena ya sahani yenye upana wa zaidi kidogo ya mita moja, inayoelekeza mawimbi upande mmoja. Umbali wa mita 100, uga wa umeme, yaani ukali wa mawimbi mahali hapo, utakuwa kama volti 17,000 kwa kila mita. Umbali wa kilomita 1, volti 1,700. Umbali wa kilomita 10, volti 170 na ushee. Vifaa vya elektroniki vya kawaida vinaanza kuchanganyikiwa, yaani kujizima au kujiwasha upya, kwenye mamia kadhaa ya volti kwa mita, na kuungua kabisa mara nyingi kunahitaji maelfu. Kwa hiyo mtambo wa ndoto, wenye nguvu ya Ruzizi kumi na tatu, unaweza kuharibu vitu vilivyo mtaani kwake na kusumbua vile vya mtaa wa jirani. Zaidi ya hapo unaishiwa.

Mtu atasema: basi waongeze nguvu. Hapo tatizo linakuwa la maumbile yenyewe. Ukitaka kufika mara mbili ya umbali kwa uga uleule, unahitaji nguvu mara nne; ukitaka mara kumi, nguvu mara mia. Na huwezi kuongeza bila mwisho, kwa sababu hewa iliyo mbele ya antena nayo ina kikomo: karibu na volti milioni 3 kwa mita inapasuka, inageuka cheche, na mpigo unakufia mdomoni mwa mtambo kabla haujaenda popote. Hapa kwetu, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi, kikomo hicho kiko chini zaidi.

Kisha kuna mji wenyewe. Mawimbi haya hayapindi mlima. Bukavu imejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia ziwani. Kutoka La Botte huwezi kuiona Panzi, na kisichoonekana kutoka kwenye antena hakipigwi kwa nguvu. Ukuta wa matofali unapunguza, zege yenye nondo inapunguza zaidi, bati linarudisha sehemu kubwa. Sisemi kwamba nyumba ya mabati ni ngome, kwa sababu mawimbi hupenya kwenye madirisha na nyufa, na waya mrefu wa umeme au wa antena ya televisheni huyakusanya na kuyaingiza ndani. Lakini kila kizuizi kinakata fungu lake, na aliyepiga hawezi kujua kimebaki kiasi gani.

Ndiyo maana majaribio yanayosifiwa siku hizi ni dhidi ya droni. Mtambo wa Waingereza, kwa maneno yao wenyewe, unafika hadi kilomita 1. Droni ndogo ndiyo shabaha nyepesi kuliko zote: iko angani bila ukuta, mwili wake ni wa plastiki, nyaya zake ziko wazi, na ikichanganyikiwa kwa nusu sekunde tu inaanguka. Kompyuta ikichanganyikiwa kwa nusu sekunde unaiwasha tena. Kwa kazi hiyo ya kulinda kambi au uwanja wa ndege, silaha hii ina thamani, maana Waingereza wanasema kila pigo linagharimu kama peni 10, wakati kombora la kuangushia droni linagharimu maelfu ya dola. Ina faida nyingine ambayo wachambuzi wengi wanaipita: droni zinazoongozwa kwa uzi wa faiba, zilizoenea katika vita vya Ukraine tangu 2024, hazizibiki kwa sababu hazitumii redio, lakini mawimbi makali yanaweza kuziangusha. Hiyo ndiyo habari ya kweli iliyomo ndani ya zile video. Inahusu ulinzi wa mita mia chache, haihusu miji.

Majeshi yana kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni shaka. Mwaka 2012 Boeing ilijaribu katika jangwa la Utah kombora liitwalo CHAMP, linalopita juu ya jengo na kuzima kompyuta zilizomo bila kubomoa ukuta. Lilifanya kazi. Lakini kamanda aliyerusha kombora la kawaida anaona moshi na shimo, na anajua kazi imekwisha. Aliyerusha mpigo wa mawimbi anaona jengo limesimama, taa zimezima. Je, vifaa vimeungua, au mlinzi amezima swichi makusudi? Je, vitawaka tena baada ya dakika kumi? Hawezi kumtuma askari wake barabarani kwa kutegemea jibu asilolijua. Tazama yaliyotokea Serbia. Tarehe 2 Mei 1999, NATO ilitumia mabomu yanayomwaga nyuzi za grafiti juu ya vituo vya umeme. Hayo si silaha ya mawimbi, lakini lengo ni lilelile: kuzima bila kubomoa. Takriban 70% ya nchi ilikosa umeme. Mafundi wa Kiserbia wakasafisha nyuzi, na kabla ya siku kwisha sehemu kubwa ilikuwa imewaka. NATO ikarudia siku chache baadaye, wakasafisha tena. Kuelekea mwisho wa mwezi ikarudi na mabomu ya kawaida ya kulipua.

Basi turudi kwa bomu la nyuklia, maana hadithi zote za “mji kurudi zama za mawe” mzizi wake uko pale. Tarehe 9 Julai 1962 Wamarekani walilipua bomu la megatani 1.4, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime, kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki. Hawaii ilikuwa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapo. Taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika, kengele za wezi zikalia, na kiungo kimoja cha simu kati ya visiwa kikakatika. Mji haukuzimika. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Oktoba, Wasovieti walilipua bomu la kilotani 300 kilomita 290 juu ya Kazakhstan, na huko hali ilikuwa mbaya zaidi: laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 ilipigwa na mkondo mkali hata fyuzi zake na vikingio vyake vikaungua. Tofauti haikuwa ukubwa wa bomu, maana la Wasovieti lilikuwa dogo. Sehemu ya tofauti ilikuwa ardhi iliyo chini yake na urefu wa nyaya.

Bomu la namna hiyo hupiga hasa kwa namna mbili tofauti. Kwanza miale ya gama inagonga hewa ya juu na kuzirusha elektroni, nazo zinapopindwa na sumaku ya dunia hutoa mpigo wa ghafla, wa sehemu za bilioni za sekunde; huo ndio unaotafuta chipu na saketi ndogo. Baadaye linakuja wimbi la polepole, la sekunde hadi dakika, ambalo halina habari na simu yako. Hilo linaingia kwenye nyaya ndefu, za mamia ya kilomita, na kupeleka mkondo usiotakiwa ndani ya transfoma kubwa. Ukielewa hivyo, utaona kwa nini Kivu si shabaha nzuri hata kwa mwenye bomu. Mpigo wa kwanza unategemea nguvu ya sumaku ya dunia, na hapa karibu na ikweta sumaku hiyo ni kama mikrotesla 33, wakati kaskazini mwa Marekani inazidi 50. Wimbi la pili linahitaji laini ndefu, na laini ya Bukavu hadi Goma ni ya kilomita mia na kitu. Ndugu zetu wa Lubumbashi wana sababu zaidi ya kuuliza, kwa sababu wanategemea laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 kupita msituni, ingawa hadi leo adui anayeisumbua laini ile ni mwizi wa vyuma vya minara.

Jua nalo limetufanyia jaribio hilo la pili bure. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha mtandao wa umeme wa Québec ndani ya dakika moja na nusu, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa hivi. Watu hunukuu mwanzo wa habari hiyo na kuacha mwisho: saa tisa, kisha umeme ukarudi. Relei, yaani swichi za ulinzi zinazojikata zenyewe, zilikata kabla transfoma nyingi hazijaumia, jambo ambalo ndilo kazi yake. Mwezi Mei 2024 dhoruba kubwa kuliko zote za miaka ishirini ilipita. GPS za matrekta ya wakulima wa Marekani zilipotea njia, lakini miji haikuzimika, kwa sababu waendeshaji wa gridi walijifunza.

Hoja za upande wa pili nazo tusizifiche, kwa maana baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba vifaa vya mwaka 1962 vilikuwa vya taa za kioo (vali, zilizotumika kabla ya chipu) na nyaya nene, wakati chipu za leo zinafanya kazi kwa volti moja au chini yake na zinaumia upesi. Ni kweli. Lakini chipu hizohizo zimo ndani ya vifaa vinavyopimwa dhidi ya mawimbi kabla ya kuuzwa: kifaa cha nyumbani kinatakiwa kuvumilia volti 3 kwa mita bila kuyumba, cha kiwandani 10. Hivyo ni vipimo vya kutoyumba, na kuungua kuko mbali zaidi. Tume ya Marekani iliyoundwa kuchunguza hatari hii ilijaribu magari 37, na ripoti yake ya mwaka 2008 inasema matatu tu yalizima injini, kwenye volti zipatazo 30,000 kwa mita, na dereva angeyawasha tena. Wanaosambaza picha za barabara zilizojaa magari mafu hawajaisoma.

Hoja ya pili ina uzito kuliko zote, nami sina jibu la kuifuta. Kuyumba peke yake kunaweza kuleta madhara ikiwa kumetokea mahali pabaya. Kompyuta inayoongoza pampu za maji, au relei ya kidijitali inayolinda jenereta ya bwawa, haihitaji kuungua. Ikitoa amri ya uongo kwa sekunde moja, mashine inaweza kujivunja kwa nguvu zake yenyewe. Gari dogo lenye mtambo, likiegeshwa mita hamsini kutoka kwenye chumba cha udhibiti chenye madirisha ya kioo, ni tishio la kweli. Hapo sibishani. Nasema tu kwamba mtu aliyefika mita hamsini kutoka chumba hicho angeweza pia kukifanyia mambo mengine mengi kwa nyundo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba kuna sanduku la kubeba mkononi, litakalotegwa mahali kama Feu Rouge na kuzima kila kitu kuanzia Nguba mjini hadi Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Hesabu ya hapo juu inatosha kuikataa, lakini kwa mtu wa Bukavu kuna ushahidi ulio karibu zaidi, nao ni radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapa jirani, nafasi ya pili duniani kwa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake nayo imo katika kumi za kwanza. Kila radi ni mpigo wa mawimbi, wenye mkondo wa makumi ya maelfu ya ampea, unaopigwa bure juu ya vichwa vyetu usiku baada ya usiku kila msimu wa mvua. Kama mpigo mmoja ungeweza kuua vifaa vyote vya mji, Bukavu isingekuwa na redio hata moja. Kinachotokea tunakijua. Mafundi wa Nyawera watakuambia kwamba baada ya mvua kubwa wanaletewa televisheni zilizoungua sehemu ya kupokelea umeme, na karibu zote zilikuwa zimeachwa kwenye priza. Ile iliyochomolewa, katika nyumba ileile, inaendelea kuimba. Madhara yanapita kwenye waya mrefu, na yanaishia karibu. Tusisahau pia kwamba sisi ni watu ambao radi ikimpiga mtu tunauliza kwanza nani ameituma. Silaha ya mawimbi imeingia kwenye nafasi iliyokuwa tayari imeandaliwa.

Wapo wanaosema kinyume chake kabisa: sisi ni maskini, tunaishi na delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, kila wiki, hatuna cha kupoteza. Nayo si kweli tena. Tangu mapema 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki kufungwa, pesa ya simu imekuwa ndiyo benki. Mshahara, ada ya shule, dawa, vyote vinapita kwenye minara ya simu na kwa mawakala wa barabarani. Mnara ukifa, soko linakufa nao. Lakini tazama jinsi benki zenyewe zilivyokufa: kompyuta zake zilikuwa nzima, nyaya zilikuwa nzima, hakuna chipu iliyoungua. Zilifungwa kwa vita na kwa amri. Hakuna mpigo wa mawimbi duniani ambao ungeweza kufunga benki za miji miwili kwa usafi namna ile na kwa muda mrefu namna ile.

Orodha inaendelea. Mwezi Januari 2025 Goma ilikosa umeme na maji kwa sababu mapigano yalikata laini. Mwezi Mei 2021 lava ya Nyiragongo ndiyo iliyokata. Ruzizi inaelemewa na chupa za plastiki ambazo sisi wenyewe tunazitupa ziwani, zikateremka hadi kwenye mlango wa maji wa bwawa na kuziumiza mashine zilizojengwa tangu miaka ya 1950. Mnara wa simu unakufa mazuti yanapokwisha kwenye jenereta. Kabini ya mtaa, yenye transfoma inayogawa umeme, inaungua kwa sababu nyumba nyingi zimejiunga kwenye waya uliokusudiwa nyumba chache. Mpiganaji mwenye akili, akiwa na haya yote mbele yake, hana sababu ya kutafuta mtambo wa mabilioni.

Kuelewa vibaya kuna gharama yake. Mtandao ukikatika na watu wakaamini ni silaha isiyoonekana, hakuna atakayemuuliza mtu yeyote kwa nini ulikatika, maana silaha isiyoonekana haina ofisi wala simu ya kupigia. Aliyezima mnara kwa amri anapata kisingizio. Aliyeshindwa kununua mazuti anapata kisingizio. Na upande wa pili, tukio la kweli la kuzibwa kwa GPS, ambalo lina mahali, saa na masafa yanayopimika, linamezwa na kelele. Marubani na mashirika ya misaada wanahitaji tulichukulie kwa uzito wake: kuandika lilitokea wapi na lini, kuwa na njia ya pili ya kuongoza ndege, redio ya VHF inayofanya kazi. Kwa setilaiti vilevile. Starfish iliharibu setilaiti kadhaa za wakati ule kwa mionzi iliyobaki angani miezi mingi, na Marekani ilidai Februari 2024 kwamba Urusi inatengeneza silaha ya nyuklia ya kupiga setilaiti. Kinshasa iliipa Starlink leseni Mei 2025, na wengi wetu tunafikiri sahani juu ya paa ndiyo itakayotuokoa siku nyaya zikikatwa. Kama kuna mahali ambapo bomu la juu lingetugusa sisi wa Kivu, ni hapo, wala si kwenye friji.

Kuhusu ulinzi, kwa sehemu kubwa ni uleule wa radi: waya mzuri wa kwenda ardhini (Goma ni tabu, kwa sababu mwamba wa lava haupitishi umeme vizuri), vikingio kwenye mlango wa umeme wa hospitali, betri na jenereta visivyounganishwa na laini ya nje wakati wote, na faiba badala ya shaba kati ya majengo. Vikingio vya zamani ni vya polepole mno kwa mpigo wa nyuklia, lakini kwa bei ya vile vya kisasa hospitali ya wilaya inajikinga na radi ya Kabare leo na dhidi ya mtambo wa gari kesho. Swali kubwa liko kwenye Ruzizi III. Bwawa hilo la megawati 206, la Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, litakuja na vyumba vya udhibiti vya kidijitali na laini zitakazoiunganisha zaidi mitandao ya nchi tatu, yaani nyaya ndefu zaidi na kompyuta nyingi zaidi kuliko tulizowahi kuwa nazo. Kuta za chuma kuzunguka vyumba hivyo, vichujio kwenye kila waya unaoingia, transfoma moja ya akiba iliyonunuliwa mapema: vitu hivi ni nafuu vikiandikwa kwenye daftari la masharti kabla ya ujenzi, na ni ghali mno baadaye. Wabunge wetu na wahandisi wa nchi zote tatu wangeombwa waoneshe ukurasa huo wa daftari.